Kibati cha Heshima

Wiki iliyopita tulimwacha Shibiri kasimama mbele ya wenzake, mkono ndani ya sanduku, vidole vimeshika karatasi moja. Akaitoa. Akaikunjua ncha moja. Akauona mwandiko.

Ulikuwa mwandiko wa Dira.

Katika karatasi thelathini na moja, mkono wake umeokota ya mtu yule yule aliyempigia mstari mwekundu ukutani. Bahati ya namna hii, mwenye nayo hajui acheke au akae chini.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungia sabuni kabla hajalisoma, tukumbushane upesi. Hawa walisoma pamoja chuo cha upimaji ardhi, miaka ishirini na sita iliyopita. Kila miaka mitano hukutana katika ukumbi ule ule wa chuo kupeana habari: nani kapanda cheo, nani kajenga, nani kazikwa. Na wana desturi yao. Mtu hajisomei sifa zake. Kila mmoja huandika habari zake, zinatiwa sandukuni, na mwenzake huokota na kusoma. Msomaji haruki neno. Akimaliza ana haki ya swali moja, na mwenye habari lazima ajibu kweli. Baada ya hapo karatasi ni ya msomaji, huenda nayo kwake mpaka miaka mitano mingine.

Dira ndiye Mpimaji Mkuu wa mji. Jina la Dira alilipata mwaka wa kwanza, alipopotea ndani ya uwanja wa chuo wenyewe, akatafutwa mpaka saa kumi jioni. Yeye anaamini ni jina la sifa.

Na Shibiri ni fundi wa mapazia. Masomo aliyaacha mwaka wa mwisho mumewe alipofariki, akabaki na cherehani, nyumba ya vyumba vitatu, na mama mkwe asiyetembea. Wiki tatu zilizopita ililetwa barua: nyumba imeingia hifadhi ya barabara kwa mita moja na sentimita sitini. Walipiga mstari mwekundu nje, wakaingia wakapiga na ndani. Ndani ulipita juu ya mto wa mama mkwe.

Tingatinga Jumatatu. Leo Jumamosi. Shibiri alikuja kuomba jambo moja tu: nyumba ipimwe upya.

"Soma, dada," akasema Katibu wa darasa, na kugonga kengele yake ya shaba. Kengele hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Katibu amewahi kuifanya mpaka mwisho. "Zamu yako."

"Anasoma bado?" akauliza mmoja aliyeitwa Tai, kwa sababu hajaonekana bila tai tangu utotoni. Alijiandika 'mshauri mwelekezi', maana yake hana kazi lakini ana tai. "Shibiri, unapima siku hizi?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Madirisha."

Wakacheka. Waliocheka zaidi ni wale ambao vyeti vyao vilining'inia ukutani na hawajashika hata kamba ya nguo tangu wahitimu.

Shibiri akasoma.

"'Ndugu zangu, Mungu hakuninyima. Ninaongoza ofisi yenye watu arobaini. Nina nyumba mbili, na ya tatu imefika kwenye linta. Mwanangu wa kwanza yuko ng'ambo, anasomea mambo ambayo siwezi kuyaeleza hapa kwa kuwa ni ya kitaalamu.'"

"Ni ya kitaalamu," Dira akakubaliana na karatasi yake, mikono juu ya tumbo.

"'Nimealikwa kuhutubia mara kumi na nne. Daktari ananiambia moyo wangu ni wa kijana.'"

"Wa kijana," akasema Dira.

Shibiri aliendelea, sauti moja, kama mtu anayesoma bei za kitambaa. Kurasa mbili nzima, na ndani yake mtu huyu hakumpenda mtu, hakukosea popote, wala hakuwahi kuugua mafua. Kumbe kuna watu wanaoishi hivyo, au kuna watu wanaoandika hivyo. Nimezunguka miji mingi, na wa kwanza sijamwona.

Ndipo akafika chini ya ukurasa wa pili.

"'Vijana wa leo wanapima kwa mashine zinazozungumza na mbingu. Mimi, kwa kazi zote nyeti, bado natumia tepu yangu ya chuma niliyotunukiwa na chuo siku ya mahafali, ile yenye...'"

Akaileta karatasi karibu na macho.

"Msomaji haruki neno," akasema Katibu.

"'...ile yenye kibati cha heshima kwenye mita ya saba.'"

Shibiri akaishusha karatasi.

Alikijua kile kibati. Alikuwapo kilipozaliwa.

Mwaka wa mwisho, wakiwa mazoezini, tepu ya chuo iliachwa imelala majanini na mashine ya kukata nyasi ikapita juu yake. Ikaikata kwenye mita ya saba na kuitafuna sehemu. Mwalimu akaviunganisha vile vipande viwili kwa kibati na ribiti nne. Kipande kilichotafunwa hakikurudi. Shibiri akaweka kiganja chake pale, kidole gumba mpaka cha mwisho: sentimita ishirini kamili. Tangu siku hiyo, aliyetumia tepu ile aliambiwa, "Usisahau shibiri ya huyu." Jina likamganda.

Siku ya tukio Dira alikuwa amelala zahanati ya chuo na tumbo la mtihani, na aliporudi hakuna aliyejisumbua kumweleza. Na siku ya mahafali, mwalimu, ambaye hakujua ampe nini kijana asiyeshika nafasi yoyote, alimpa tepu ambayo ilikuwa itupwe.

Naye kwa miaka ishirini na sita alikipangusa kiraka kile kwa kitambaa laini, akiamini ni nishani.

"Umemaliza?" akauliza Katibu. "Basi swali moja."

Dira akatabasamu. Alilijua swali. Wote walilijua, habari za mstari mwekundu zilikwisha kuzunguka meza zote. Alijiandaa kuwa na huruma, maana huruma mbele ya watu ina utamu wake.

"Uliza tu, mwenzetu," akasema. "Usione haya."

"Tepu hiyo iko wapi leo?"

Tabasamu likayumba kidogo, kisha likakaa. "Swali lenyewe ndilo hilo? Iko garini. Sitembei bila yake."

"Tuione basi. Wengine hatukutunukiwa kitu."

Ukumbi ukashangilia. Dira akatoka mwenyewe, akarudi na mkoba wa ngozi wa duara, ameukumbatia kama mtu aliyebeba kichanga cha watu. Akaufungua. Akawaonyesha kibati. Watu wakasogea. Mmoja akapiga picha.

"Sakafuni pale si iko misumari yetu?" akasema Shibiri.

Iko. Kila aliyesoma chuo kile anaijua: misumari miwili ya shaba iliyozikwa ndani ya saruji, mita ishirini kamili toka mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo tepu mpya zilipojaribiwa kabla ya kuguswa na mwanafunzi.

"Mpime tukumbuke ujana," akasema mwanamke mmoja mnene wa cheo, mwenye zahanati tatu. Upimaji aliuacha siku ya kwanza kuloana na mvua. Tumwite Mwenye Zahanati, ndivyo anavyojiita.

Tai akashika mwanzo wa tepu kwenye msumari wa kwanza. Dira akavua koti, akaivuta, akapiga goti kwenye msumari wa pili, akasoma kwa sauti ya kuhutubia.

"Ishirini na..."

Akakohoa.

"Ishirini na ngapi?" akauliza Shibiri.

"Ishirini nukta mbili sifuri. Tai, umeshika vibaya."

Wakarudia. Ishirini nukta mbili sifuri.

"Ni joto," akasema Dira. "Chuma hutanuka."

"Chuma kikitanuka tepu husoma pungufu, haisomi zaidi," akasema Shibiri. "Hilo ni la mwaka wa kwanza. Labda ulikuwa umepotea uwanjani."

Kicheko kikaanza mahali, kikafa njiani.

Shibiri akapiga magoti kwenye mita ya saba. Kutoka begani alishusha futi yake ya ushonaji, ile ya kitambaa, ya njano, iliyochakaa ncha. Akainyoosha kando ya kibati.

"Huku kabla ya kibati namba zinaishia sita nukta tatu. Huku baada yake zinaanza sita nukta tano. Katikati hamna kitu. Hii si nishani, Dira. Ni kiraka. Mashine ya nyasi iliila, ukiwa na tumbo lako zahanati. Waulize hawa."

Wakatazama viatu vyao. Walikumbuka. Uso wa mtu anayekumbuka asichotaka hauna tofauti na wa mtu aliyekanyaga mavi ya kuku.

"Kutoka bikoni, lile jiwe la mpaka kwenye pampu ya maji, hadi kwangu, ramani inasema nyumba zinaruhusiwa mpaka mita mia mbili arobaini," Shibiri akaendelea. "Tepu yako ni ya mita thelathini. Uliivuta mara ngapi?"

Dira akapangusa vumbi gotini.

"Nilisimama mlangoni nikikuhesabu. Mara nane. Kila mara pungufu shibiri. Nane mara ishirini?"

"Mia na sitini," akasema mtu nyuma, kabla hajajizuia.

"Mita moja na sentimita sitini. Mlivyoandika kwenye barua yenyewe. Nyumba yangu haijaingia barabarani. Barabara yako ndiyo imeingia chumbani kwa mama mkwe wangu."

Kwa muda wa kumeza mate, Shibiri alishinda. Niliandike hilo, kwa sababu halikudumu.

Mwenye Zahanati akaweka kikombe mezani.

"Dira. Zahanati yangu ile kubwa. Ulinipimia na tepu ipi?"

"Hii hii."

"Na ukuta wangu na wa msikiti?"

"Hii hii, dada. Kazi zote nyeti."

"Na kiwanja changu?" akauliza Tai, mkono umeshika fundo la tai.

Dira akaitikia kwa kichwa.

Basi ungeweza kuwasikia wasomi wakipiga hesabu. Nusu ya waliokuwamo walipimiwa na Dira, kirafiki, bila foleni. Tepu ikiwa mbovu, kuta zao ziko kwenye ardhi ya jirani, na za jirani ziko kwao, mji mzima umekaa upande kama kofia ya mlevi.

Wakamgeukia mwenye kosa, yaani Shibiri.

"Wewe nawe," akasema Mwenye Zahanati, "tumekuja kupeana habari njema."

Katibu akagonga kengele. "Wenzangu, tusiharakishe. Mimi naona jambo moja. Ukumbi huu ni wa zamani. Huenda misumari imehama."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo Shibiri alipowajua vizuri.

"Imehama," akasema Tai polepole, kama anayeonja. "Ardhi hutembea. Tulifundishwa."

"Sakafu haina hata ufa," akasema Shibiri. "Msumari umetembea shibiri nzima ndani ya saruji, bila kuaga?"

"Wanaoona misumari imehama," akasema Katibu, "wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda. Yenye saa za dhahabu, yenye pete, yenye kalamu. Wapimaji thelathini wenye vyeti walikubaliana kwamba misumari miwili ya shaba ilinyanyuka, ikahama, ikajizika tena. Mkono wa Dira ulipanda mwisho, kwa unyenyekevu. Nimeona punda wakikataa daraja bovu. Hawa wangelivuka, kisha wakasaini kwamba mto ndio uliokosea.

Dira akamvuta Shibiri pembeni, karibu na dirisha. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, tena nzuri.

"Sikiliza, dada yangu. Mimi si mnyama. Kwako nitaufuta mstari. Leo hii. Nitaandika kwamba karani alikosea kuchapa. Mama yetu atalala pale pale alipolala."

"Na nyumba nyingine sita za mstari wangu?"

"Wewe ulikuja kwa ajili ya yako, au nimekosea?"

Hakukosea. Ndilo lililouma.

"Unachotakiwa," akasema Dira, "ni kusaini kumbukumbu za kikao, kwamba misumari imehama. Hiyo tu." Akamwekea karatasi dirishani na kalamu nzito ya wino.

Shibiri akaishika. Aliutazama ule mto kichwani mwake, na kikongwe juu yake, na mstari. Ncha ya kalamu ikagusa karatasi, ikaacha nukta.

Simu yake ikalia ndani ya begi.

"Mkwe wangu," ilisema sauti ya mama mkwe, kavu, isiyo na haraka, "hiyo shule yenu imekwisha?"

"Bado, mama. Kuna nini?"

"Kuna dude la njano hapa nje. Limesimama kwa jirani. Linamtolea ukuta wa uani sasa hivi."

"Leo? Si Jumatatu?"

"Mimi kalenda siioni kutoka kitandani. Naliona dude. Na jirani ndiye hunigeuza ubavu ukiwa sokoni, kwa hiyo kama anahama, mniambie mapema ni nani atanigeuza."

Shibiri akamtazama Dira. "Umelituma leo."

"Jumatatu ni yako," akasema Dira. "Jirani ni leo. Wewe ukisaini, Jumatatu haipo."

Akaiangalia ile nukta ya wino. Jirani: mwanamke mwenye mgongo mbovu ambaye kila siku saa nne huvuka uani kumgeuza mtu asiye wake.

Shibiri akaifunika kalamu. Akaichomeka katika mfuko wa shati la Dira, taratibu, namna anavyochomeka pini kwenye pindo.

"Mama yetu, ulisema?" akauliza. "Mama yako ni yupi? Nakupa miaka mitano ufikiri."

Akarudi katikati ya ukumbi. Wakati alipokuwa kwenye simu, Katibu alikuwa ameikusanya tepu na kuufunga mkoba wa ngozi. Alimnyooshea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

"Chukua, dada. Kama una shaka, nenda nayo. Haki yako."

Katibu hajawahi kumpa mtu haki yake tangu azaliwe. Lakini Shibiri alikuwa na haraka, na mkoba ulikuwa mzito mkononi. Akaondoka nao mbio.

Nyuma yake hakuna aliyemfuata. Wakarudi kwenye sanduku kuendelea na habari njema.

Mtaani kwake Shibiri alimkuta msimamizi wa kazi kasimama katikati ya njia, mtu mzima mwenye kofia ngumu na ndevu za vumbi, mkono mmoja juu. Nyuma yake tingatinga linanguruma, koleo lake la chuma likikaribia kugusa ukuta wa sebule ya jirani. Ukuta wa uani ulikuwa tayari matofali. Jirani alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo umenyooka.

"Mama, toka hapo," akasema msimamizi. "Mkono huu ukishuka, lile linakwenda. Halina breki ya kumngoja mtu."

"Mmepimiwa kwa tepu pungufu."

"Kila ninapobomoa naambiwa hivyo."

"Mimi ninayo. Tazama kwa macho yako, nikuonyeshe kiraka."

Msimamizi akatazama saa. "Onyesha."

Shibiri akaufungua mkoba wa ngozi.

Ndani, ikiwa imefungwa vizuri kwa kitambaa cha meza isigonge, ilikuwamo kengele ya Katibu.

Vibarua wakaangua kicheko. Hata dereva alitoa kichwa nje. Dirishani, sauti kavu ikasema, "Mkwe wangu, umesomea miaka mitatu, ukaenda tena leo, ukaniletea kengele?"

Msimamizi hakucheka. Alichoka tu. "Mama. Sogea."

Akamgeukia dereva. Ndipo Shibiri alipojipapasa kifuani, akaisikia karatasi ya Dira, aliyoichomeka alipopiga magoti ukumbini. Karatasi ni ya aliyeisoma. Desturi ile ya wajinga wale, na katika haraka yao wote waliisahau.

Akampa. Msimamizi akaipokea kwa mkono wa chini, ule wa juu ukabaki juu, akaisoma kwa kufuata mstari kwa kidole gumba. Alipita watu arobaini, nyumba mbili, moyo wa kijana. Akafika chini ya ukurasa wa pili. Akarudia mstari ule mara mbili.

"Hiki kibati," akauliza, "ni cha fedha hivi, kina ribiti nne?"

"Nne. Umekionea wapi?"

"Alikuja nacho kwangu mwaka juzi. Akasema jiko langu limeingia njia ya maji." Akautazama mkono wake ulio juu. "Nilimwamini, mkubwa wangu kazini. Jiko lile nililibomoa kwa mikono hii, mke wangu akiangalia."

Mwisho wa mtaa honi ikalia. Gari la Dira lilikuwa linakuja kwa kasi, na kutoka dirishani yeye mwenyewe alikuwa akipunga, akiashiria kwa kiganja: chini, chini, shusha.

Dereva wa tingatinga alikanyaga mafuta, akamkodolea macho msimamizi.

Msimamizi aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Mkono wake ulikuwa bado uko juu.